Bomba Haikuwa Imeshiba

Kwako Mama Kevo,

Habari ya huko nyumbani? Kevo ameachana na kile kikohozi? Na ng'ombe ameshazaa? Mimi ni mzima, na miguu yangu yote ninayo. Soma polepole utajua kwa nini naanza na miguu.

Umeniuliza sijui mara ngapi mbona kakako Barasa hashiki simu. Yuko hospitali hapa Nakuru. Wamemkata mguu wa kushoto, chini ya goti. Sikutaka kukuambia kwa simu kwa sababu ungepiga nduru na mama yako angesikia.

Na usinilaumu. Ni wewe ulinikalia kichwani nimtafutie kazi, eti anashinda bure nyumbani. Haya, kazi alipata. Tunajenga ghorofa huku Free Area, na udongo wa hapa ni jivu tupu, mvua ikinyesha unafunguka nyufa. Kwa hivyo msingi ni mabomba ya chuma yanayopigwa chini kabisa, kipande kirefu kikibaki juu ya ardhi, halafu yanajazwa konkriti. Injinia alituelezea vizuri. Bomba tupu ukiibebesha mzigo inajikunja. Konkriti peke yake inapasuka. Zikiwa pamoja, chuma inaibana konkriti, na konkriti inazuia chuma isiingie ndani. Lakini lazima ijae mpaka mdomoni.

Sasa siku hiyo nyapara alikuwa chini, haoni juu, na yule wa kuchungulia mdomo wa bomba alikuwa ameenda chai. Nyapara akapaza sauti, "Imeshiba?" Kakako alikuwa kwenye mikisa, ile mashine ya kuchanganya konkriti, akadhani ndiyo inaulizwa. Akajibu kwa nguvu zake zote, "Imeshiba, boss!" Bomba ikafungwa kwa sahani ya chuma, ikachomelewa. Sisi kila kitu kwetu "imeshiba": gunia, tumbo, bomba, mikisa. Tungeongea kama mwalimu wa Kiswahili, bomba lingekuwa "limeshiba," na Barasa leo angekuwa anacheza mpira.

Konkriti ilipokauka, wakataka kupima bomba moja kwa mzigo. Yako mengi, jamani, wakachagua hiyo! Wakapanga juu yake mawe makubwa ya konkriti, na Barasa akatumwa kuondoa mbao pale chini. Kule juu hakukuwa na kitu ndani. Chuma ikavimba kama shavu lenye mandazi, ikakunjika, jiwe moja likateleza. Mimi ndiye nilimvuta. Nililia, Mama Kevo, mbele ya wanaume wote, na sioni haya.

Nyapara anasema ni makosa ya Barasa mwenyewe, aliitikia asichoulizwa. Naye kila nikienda ananiuliza kama boss bado amekasirika, na ananiambia wiki ijayo atarudi kazini. Mpaka sasa amekataa kuangalia chini ya blanketi. Nimechoka kumdanganya.

Jana nyapara akaniita kando. "Huko kwenu hakuna mwingine?" Nikamwambia yuko mdogo wake, Simiyu.

Najua unanitukana. Tukana tu, niko mbali.

Mama yako umwambie wewe, mimi siwezi, na akiwa ameketi. Msalimie baba yangu, na dada yangu anayekusaidia na watoto. Simiyu mwambie apande gari Jumapili, Jumatatu anaanza. Asinunue buti. Ya kulia ya Barasa haikuguswa, ya kushoto nitamtafutia.

Ni mimi mumeo,
Baba Kevo