Salamu Zangu Kutoka Ujerumani

Kitale,
Jumapili.

Kwa kaka yangu mkubwa Khisa,

Pokea salamu. Natumaini wewe, Nasambu na watoto mu wazima, na kwamba uchovu wa matanga umeanza kuwatoka. Mimi mwili ni mzima. Simu zangu hushiki tangu Jumatano, ndiyo maana nimempa Peris, jirani yangu wa hapa ploti, akuletee barua hii mkononi akija Bungoma kesho. Nina hasira na wewe, na sitazunguka.

Si nilikuambia mwezi wa sita kwamba mtihani wa Kijerumani wa kunipeleka Ujerumani nimeanguka? Vilivyoniangusha ni vile vineno vidogo: juu ya, chini ya, kando ya. Ukisema kikombe kiko juu ya meza, meza inavaa nguo moja, wanaiita Dativ. Ukisema unakiweka juu ya meza, inabadilisha nguo, inakuwa Akkusativ. Kukhu, bibi yetu, ndiye aliyenisaidia kuvikariri. Kila jioni nilimpigia simu nikimuuliza yuko wapi, anajibu yuko kando ya meko, namwambia hivyo kwa Kijerumani, naye anarudia bila meno mpaka tunacheka sote. Bibi yule alinilea tangu mama afariki. Hilo halihitaji shahidi.

Lakini nyinyi mlikata mbeleko mtoto hajazaliwa. Mliita kanisa zima, mkachinja kondoo, mkafanya maombi ya kuniaga kabla hata sijaketi kwa mtihani. Nilipoanguka ukaona aibu kusema, ukatangazia soko lote ati nimeshapanda ndege. Hilo nililiacha lipite. Nilicheka hata, bana.

Halafu Kukhu akafariki, ukanipigia kunikataza nisije. Ulisema nikionekana nitaaibisha boma, watu wataanza kuuliza. Nikakuuliza mimi nitamlilia wapi, ukanijibu nilie huko huko Kitale. Ulisema hivyo, Khisa, na ukakata simu.

Alhamisi darasani mwalimu wetu Tejal alituuliza jamaa zetu wako wapi. Zamu yangu ilipofika akauliza kuhusu bibi yangu. Nikajibu kwa Kijerumani kwamba yuko katika chumba cha maiti. Akanisifu kwa kupata Dativ vizuri, kisha akasikia nilichosema. Ni yeye aliyenishika mkono akanitoa nje, mtu ambaye si wa ukoo wetu.

Sasa nikuambie usilolijua. Jana kwenye mazishi nilikuwa hapo nyumbani. Nilikuja na Peris, nimejifunga leso mpaka machoni na kuvaa barakoa, nikaketi nyuma ya jikoni na akina mama wa kutoka mbali tukimenya ndizi. Mke wako Nasambu alipokea sufuria mkononi mwangu akasema asante mama, hata hakunitazama. Nimemenya ndizi za matanga ya Kukhu wangu kama mgeni.

Na nikasikia salamu zangu za Ujerumani, ulizoziandika wewe, zikisomwa. Ati nalia dirishani nikitazama theluji. Mwezi wa nane, Khisa! Hata sisi wanafunzi wa mwanzo tunajua huko saa hii ni jua kali. Senge Nabwile, dada ya baba, alilia kwa sauti akisema mtoto wa watu yuko mbali peke yake, nami nilikuwa nyuma yake, ningenyoosha mkono ningemgusa. Nilitaka kumwita. Niliuma leso. Mlipoenda kula ndipo nilipofika kaburini nikatupa udongo wangu, haraka haraka, kama mwizi.

Sitarudia. Jumanne ni siku ya kunyolewa nywele za msiba, na kila aliyelelewa na Kukhu atanyolewa mbele ya watu. Nakuja. Nitashuka kwa boda pale langoni mchana, kichwa wazi, na atakayeniuliza nimefika lini kutoka Ujerumani nitamwambia akuulize wewe. Kama unataka kuwaeleza mwenyewe, una Jumatatu yote. Mtihani narudia mwezi wa kumi. Nikipita, mtaniaga tena, na safari hiyo nitakuwa naenda kweli.

Nisalimie Nasambu, umwambie ile sufuria haikuoshwa vizuri. Wabusu watoto. Senge usimwambie kitu, nitamkumbatia mwenyewe.

Ni mimi dada yako,
Nakhumicha,
ambaye hajawahi kuvuka Kitale.