Mgongo Wako Ulikuwa Ubao

Ghorofa ya pili, juu ya duka la viatu
9 Machi

Mpendwa mdogo wangu,

Salamu nyingi kutoka kwa kaka yako. Natumaini u mzima, na kwamba goti limeacha kukusumbua ukipanda ngazi. Na huyo shemeji yangu fundi saa, bado anachelewa mezani? Mimi sijambo, ukiondoa lile ulilokwisha kusikia.

Ulilosikia ni kweli, ila si lote. Kiharusi kilikuwa kidogo. Miguu ipo, ulimi upo, na kama unavyoona, mkono unaandika. Kilichoondoka ni kusoma. Nikimaliza mstari huu kisha niutazame, naona michoro tu. Mimi, niliyekula mshahara wa kusahihisha prufu za vitabu kabla havijachapwa, mpaka nikastaafu!

Daktari wangu ni msichana, rika la mjukuu wako mkubwa. Alinionyesha picha ya ubongo wangu, akagusa doa jeusi, akasema huenda nisisome tena. Nikamuuliza kusoma kunakaaje humo ndani, na kuandika kumeponaje. Hakunidanganya.

"Mzee, ubongo tunaujua kama mgeni anavyoujua mji usiku. Taa zikiwaka tunaziona. Wenye nyumba wanazungumza nini ndani, mengi bado hatujui."

"Sasa kama hujui jinsi kusoma kulivyoingia, utajuaje kwamba hakutarudi?"

Akacheka, akasema nimembana.

Nasikia wewe na binti yangu mmeafikiana kwenye simu kwamba vitabu vyangu vigawiwe, eti kuviona kutaniumiza roho. Makasha ameshayaleta. Yamejaa ukumbini, nayagonga kwa ugoko kila nikienda kunywa maji. Nimekataa. Nawe nakwambia, nimekataa. Nyumba yetu ya kwanza tuliikimbia mikono mitupu, hakuna aliyetuuliza. Safari hii nimeulizwa, na jibu langu ndilo hilo.

Tena sijakaa bure. Unakumbuka foleni ya maji, mwaka ule wa kwanza ugenini? Shule hakuna, karatasi hakuna. Ulikuwa ukisimama mbele yangu na ndoo, nami nakuandikia herufi mgongoni kwa kidole, wewe unakisia. Siku niliyoandika "nyani" ulilisoma kwa sauti, kisha ukageuka ukanipiga teke mbele ya watu wote. Ulisoma bila macho, mdogo wangu.

Basi nami nafanya hivyohivyo. Naifuata herufi kwa kidole, taratibu, mpaka mkono uitambue. Jana nilimaliza jina zima la kitabu. Jasho lilinitoka, lakini nilimaliza. Daktari anasema wapo wengine walioweza hivyo. Kwa nini waliweza, hilo wataalamu bado wanalitafuta. Watafute. Mimi siwasubiri.

Binti yangu alitaka kuipitia barua hii kabla haijaondoka. Hilo nalo nimelikataa. Inakuja mbichi, ya kwanza maishani mwangu kutoka bila kusahihishwa. Ukitaka kucheka makosa, cheka, ila unijibu kwa kalamu. Usipige simu, wala usimtume mtu anisomee. Andika herufi kubwa, nzito, zisibanane. Anza na neno moja. Hata likiwa lile la kwenye foleni, nitalisoma.

Nisalimie shemeji, wajukuu zako, na shangazi yao mshona mapazia. Mungu akulinde, akulainishie na hilo goti.

Kaka yako akupendaye, ambaye bado ni msomaji.