Sikumkonyeza Katekista, Nilifumba Jicho

Mpendwa mshauri, naomba msaada, ila kwanza nikuseme. Juzi redioni ulisema mzee anayeyumba njiani aulizwe amekunywa nini. Ukome! Mimi nayumba na pombe sijaonja tangu nizaliwe, nyie watoto mliosoma mnapenda kuropoka.

Mimi ni Pudensiana wa Misunkumilo, shule niliishia la nne lakini akili ninayo, mjane mwaka wa saba huu, mwezi uliopita nilipata mafua, yakaisha, asubuhi moja naamka nyumba inazunguka kama mashine ya kusaga, nikatapika, sikio la kushoto linavuma, kizunguzungu kikapungua lakini kila kitu nikawa nakiona viwili, kimoja juu ya mwenzake, kuku ana kuku mgongoni, nikiinamisha kichwa upande napata nafuu, nikifumba jicho moja vinarudi kuwa kimoja, basi ndivyo ninavyoishi, na kanisani nakaa benchi la mbele, nikawa namtazama katekista Kasimiri kwa jicho moja, maana kwa mawili naona makatekista wawili na mimi mmoja ananitosha.

Kumbe baba wa watu, naye alifiwa na mkewe, anahesabu! Alhamisi dada yake Emerensiana kaja na jogoo na debe la mchele: "Wifi, kaka ameelewa."

"Ameelewa nini?"

"Umemkonyeza Jumapili tatu, na kichwa umeinamisha kama mwali!"

Mimi! Marehemu mwenyewe sikumkonyeza! Sasa kigango kizima kinaniita bibi harusi, mkamwana wangu Suzana anacheka mpaka anakaa chini, nimetia mafuta ya kitunguu swaumu sikioni, wapi, nimeazima miwani ya jirani Bernadetha, makatekista wakabaki wawili, tena wakubwa zaidi. Jumapili wanataka jibu. Jina langu linaharibika, nifanyeje?

JIBU

Shikamoo bibi. Kusemwa nimesemwa, na samahani naomba. Sasa zamu yako. Mtu anaona viwili wiki tatu, halafu anaomba ushauri wa jogoo!

Ndani kabisa ya sikio kuna sehemu inayoshika mizani ya mwili, na hiyo hiyo huyasaidia macho kukaa sawa kichwa kinapogeuka. Ikiugua, macho yanaweza kupishana, moja juu moja chini, na shingo inajipinda yenyewe kutafuta usawa. Miwani ya Bernadetha ni ya macho ya Bernadetha, mrudishie. Mafuta acha leo. Lakini sikufichi, kuona viwili kunaweza kutoka kwenye ubongo pia, na hilo haliamuliwi na kitunguu, anaamua daktari. Mdomo ukipinda, ulimi ukawa mzito au mkono ukalegea, usingoje hata kupambazuke.

Kasimiri mwambie ukweli, mbele ya Emerensiana. Kuumwa si aibu. Ila barua yako nimeisoma mara mbili, bibi, na sijaona mahali uliposema humtaki. Kwa hiyo jogoo asichinjwe wala asirudishwe, na jibu usitoe mpaka umtazame kwa macho mawili umwone mmoja.

Kesho asubuhi nenda hospitali. Peke yako usitembee: Suzana aache kucheka, akushike mkono.