Majina Manne ya Saa Kumi

Kasyoka, hata kama uko na wateja hapo tawi la Wote, soma hii barua pepe kabla ya saa kumi.

Woi.

Ndolo ameniita saa hii. Si unajua bosi hafungangi mlango? Leo amefunga. Ati wateja wamepungua tangu mwaka jana, kampuni imelemewa, na wa kwanza kupunguzwa ni sisi wa kompyuta. Akaniwekea karatasi. Majina manne. "Sauda, hawa uwatoe kwa mashine saa kumi kamili. Barua watapewa kesho."

Uwatoe kwa mashine! Yaani kesho mtu anafika kazini, anaandika password yake, mashine inamkataa mbele ya wenzake, na hiyo ndiyo kwaheri yake.

La tatu ni jina lako.

Nimelisoma tena na tena nikiomba awe ni yule Kasyoka wa stoo. Wa stoo hana hata kompyuta.

Toa vitu vyako kwa mashine sasa, hata ile barua bosi alikusifu nayo mwaka wa '97. Usiseme ni mimi nimekwambia. Na unisamehe, kwa sababu mkono wa kukufuta ni wangu.

Ngoja, sijamaliza. Nilipofika mlangoni Ndolo akaniita tena, kwa upole kabisa. "Sauda, ukishatoa hao, njoo unionyeshe vile inafanywa."

Nikasema sawa, bosi.

Nimeketi hapa ndio nikahesabu. Sisi wa kompyuta tuko watano, Kasyoka. Karatasi ina wanne; wa tano atatolewa na bosi mwenyewe.