Injini Niliyomchagulia Naisiae

Jumapili, 2 Machi

Nyasi ya leo imekuja na umande. Nimekataa nusu ya mzigo. Dereva amelalamika mpaka nikamwangalia, akapakia zake akaenda. Kitengela yote inajua: kwa biashara ya nyasi ya ng'ombe mimi sidanganywi.

Mchana Naisiae amekuja na bwana yake, Njoroge. Naisiae ni mtoto wa dada yangu mkubwa, Nosim. Ni mwalimu. Watoto wamekuwa watatu na ile gari yao ndogo imewashinda. Wanataka ya juu, ya familia, yenye safu mbili za viti vya nyuma. Kwa yadi ya magari wameona mbili zinafanana kama mapacha. Tofauti ni injini tu. Moja ni petroli na betri pamoja, hiyo wanaita haibridi. Ingine ni dizeli yenye turbo.

Naisiae anapenda ya betri. Anasema safari zake ni fupi: shule, soko, kanisa, nyumbani. Kajiado kwa mama yake ni mara moja moja.

Wamekuja kuniuliza mimi. Sasa wangeuliza nani?

Nimewapa ile hadithi yangu ya lori. Vile nilishuka kutoka Kiserian mpaka Oltepesi nimebeba simiti, breki zimekufa, nikaishika kwa injini peke yake. Dizeli ilinguruma mpaka twiga saba wakasimama kando ya barabara kunipisha. Naisiae akasema nikiisimulia Krismasi twiga walikuwa wawili. Huyu mtoto anahesabu sana.

Nimewaambia betri ni ya redio.

Jumatano, 5 Machi

Naisiae amepiga simu. Bado anataka ile ya betri. Ameuliza habari ya mafuta, ameuliza kwa walimu wenzake walio nayo. Ameeleza vizuri, polepole.

Mimi nikanyamaza.

Kwetu mjomba ni mtu mzito. Ndugu ya mama, yule tunaita apu, baraka yake inashika, na laana yake pia inashika. Apu akigomba ni sawa. Akinyamaza, mtoto wa dada anaogopa.

Sikuwa nimekasirika hata. Nilikuwa natafuna nyama. Lakini nilisikia vile na yeye amenyamaza, nikaona nisimeze haraka.

Mwishowe akasema sawa, watachukua dizeli.

Nimelala vizuri.

Jumamosi, 15 Machi

Gari imeletwa kwa boma ya Nosim, huko mbele ya Kajiado, ibarikiwe. Nyeupe. Kubwa. Inanguruma kama mtu mwenye mali. Nimewaambia majirani ni mimi nilichagua. Wengine walisikia kabla sijawaambia, kwa sababu jana niliwaambia pia.

Nosim ameinyunyizia maziwa kwa shada la nyasi. Ya kwanza yameanguka chini, kando ya tairi. Naisiae akamshika mkono akamwelekeza kwa boneti. Jicho la Nosim la kulia lilikufa mwaka jana, presha ya macho. La kushoto limebaki nusu. Gari ni yake kama vile ni ya watoto, ya kumpeleka kwa daktari.

Nimempa Naisiae maagizo. Injini ni kama fahali. Usiikimbize juani. Fahali ukimkimbiza sana anavunjika moyo, hata ukimpa chumvi haponi. Iendeshe pole, hapa mjini tu. Barabara kubwa iache, mpaka iwe lazima. Ikitoka shule ilale.

Amesikiza yote. Mtoto mzuri.

Jumatatu, 7 Aprili

Taa imewaka kwa dashibodi. Ya manjano, kama kasanduku kenye vidoti. Gari ni ya kutoka Japani, hata kitabu chake ni Kijapani kitupu. Naisiae amepiga picha, simu ikamtafsiria. Anasema simu inasema mahali pa kuchujia moshi pamejaa, iendeshwe mbio kwa muda.

Nimemwambia simu haina injini. Hiyo ni taa ya baridi. Itazima jua likirudi.

Sijawahi kuona taa kama hiyo. Hata siku moja.

Ijumaa, 2 Mei

Nosim amepewa siku ya kupasuliwa jicho: tarehe 20, Nairobi. Daktari mpasuaji anakuja hapo hospitali mara moja kwa mwezi. Amesema akipasuliwa mapema, kile anaona sasa kitabaki. Si kwamba kitaongezeka. Kitabaki.

Nosim anasema hiyo inatosha. Anataka tu kuona ng'ombe wakiingia jioni. Anawajua kwa uso, mmoja mmoja, na mama zao.

Taa ya gari sasa haitulii, inapepesa. Gari ikikanyagwa mafuta, inafikiria kwanza. Njoroge alitaka kuipeleka gereji. Nimemwambia gereji za Kitengela zinatafutia mzima ugonjwa. Iachwe ipumzike, isiguswe mpaka safari, iwe na nguvu mpya.

Njoroge amesema, "Sawa, mzee." Huwa ananiita Apu kama bibi yake. Leo nimekuwa mzee.

Jumanne, 20 Mei

Siku mbaya.

Tulilala kwa Nosim ndio tutoke mapema. Naisiae anaendesha, mimi mbele, Nosim nyuma na mkoba kwa magoti, shuka jipya, shanga za kanisa. Barabara ya vumbi tumeimaliza vizuri. Tumefika lami, mlima kidogo kabla ya mji wa Kajiado, gari ikakataa. Haikuzima. Ilikataa tu kwenda. Naisiae amekanyaga mpaka chini na inatambaa. Malori yanatupigia honi. Pikipiki ya maziwa imetupita, na mitungi yake yote.

Kajiado Naisiae akaegesha. Hapo kando teksi zilikuwa zimepangwa, madereva wameketi kwa boneti wakinywa chai. Wengine ni watu wangu. Ni hao niliwaambia habari ya dizeli.

Naisiae akasema, "Apu, tuiache hapa. Tuchukue teksi, mama asichelewe."

Nikasema, "Hii gari nilichagua mimi. Itafika."

Hivyo ndivyo nilisema. Nikaongeza ati ikipata joto itachangamka.

Akawasha gari.

Haikuchangamka. Isinya ilikuwa mbaya kuliko Kajiado. Kitengela tulikuta msongamano, na ikianza kwenda inasimama. Hapo hata teksi haingesaidia. Nosim aliuliza mara moja tu kama hiyo harufu ya kuungua ni sisi.

Tulipofika, jina lake lilikuwa limeitwa, kiti kikakaa bure, wakaita mwingine. Daktari alikuwa ameshaenda hospitali ingine. Mwezi ujao, wakasema.

Nosim akashukuru. Akauliza choo iko wapi.

Jumatano, 21 Mei

Naisiae amenipigia kuniambia ya gereji. Ameongea vile anafundisha watoto, polepole, hakuna neno baya hata moja. Dizeli za siku hizi ziko na chujio la moshi. Masizi yanajaa hapo. Ili yaungue, injini lazima ikimbizwe kwa barabara kubwa, ipate moto wa kweli, mara kwa mara. Ukiiendesha pole pole mjini, shule na soko, inajisonga yenyewe. Ikijaa sana injini inajikata nguvu isiharibike.

Fundi ameyachoma masizi kwa mashine, halafu gari ameipeleka mbio mpaka karibu na Namanga akarudi. Imepona. Haikuwa na ugonjwa mwingine.

Kwa hivyo ilitaka kukimbizwa. Nilimwambia asiikimbize.

Ng'ombe ninawajua. Nilifikiria kujua ng'ombe kunatosha kila kitu kinachonguruma.

Ningetaka anitukane. Njoroge ningetaka anitukane zaidi. Apu hatukanwi. Kwa hivyo hakuna pa kuweka hii kitu.

Ijumaa, 23 Mei

Nyasi imekuja. Sikuangalia umande. Nimelipa.

Alhamisi, 19 Juni

Tumeenda na teksi, tumefika kabla hawajafungua. Nosim amepasuliwa. Amekaa vizuri, hakuogopa.

Daktari ametuita kando, mimi na Naisiae. Jicho limeharibika kuliko vile lilikuwa Mei. Ataona mwanga. Ataona kivuli cha mtu mlangoni. Sura, hapana.

Nikamuuliza kama ni ule mwezi tulichelewa. Akasema hawezi kusema, huu ugonjwa una njia zake, labda hata Mei ingekuwa hivyo. Akanishika bega. Mtu mpole sana. Sikupenda upole wake. Labda anaambia kila mtu hivyo, wote wako na kitu walichelewesha.

Naisiae alikuwa anaangalia dirisha.

Jumamosi, 5 Julai

Naisiae na Njoroge wamekuja kwangu na sukari na majani chai. Nikajua ni jambo la kuomba. Naisiae ameinamisha kichwa nikamgusa, kama vile mtoto anasalimia mkubwa, yeye mwalimu, mama wa watu watatu.

Amesema kuna mtu wa Emali anataka ile dizeli. Anaenda mbali kila siku, barabara kubwa tupu. Kwake itakuwa injini nzuri, hata yeye Naisiae haisemi vibaya. Na ile ya betri bado iko kwa yadi. Wangetaka kubadilisha, wakiongeza kidogo. Kama Apu anakubali.

Amekuja kuniomba ruhusa. Baada ya yote.

Nikakumbuka ile siku ya simu, nyama kwa mdomo.

Nikamwambia, "Naisiae, hizi injini sizijui. Hata siku ile sikuzijua. Chukua ile ulitaka."

Akasema, "Ashe, Apu." Asante tu. Machozi yakamtoka, akajifanya anamimina chai.

Njoroge akajaribu kunisaidia, ni kijana mzuri. Akaniuliza wale twiga wa Oltepesi walikuwa wangapi kweli.

Nikasema sikumbuki.

Jumapili, 13 Julai

Kwa Nosim. Wamekuja na gari mpya. Imeingia kwa boma bila sauti, mbwa hawakuamka. Watoto wamecheka sana. Mimi nimeipigapiga boneti, nikatoa mkono.

Jioni wao wakaenda kuchota maji, nikabaki na Nosim kwa lango, kwa kile kiti chake. Ng'ombe wakaanza kuingia. Yule mweusi wa pembe moja alizaa juzi. Nosim akasikia ndama, akaniuliza ni wa rangi gani.

Nikaanza. Nikasema huyu ndama hajawahi kuonekana Kajiado, mkubwa kama punda, tayari anapigana na...

Akasema, "Lekishon. Sema vile iko."

Yeye peke yake amebaki wa kuniita kwa jina.

Kwa hivyo nikaangalia. Nikasema ni mwekundu, si sana, kama udongo ukikauka. Doa jeupe kwa uso, limeenda kidogo upande wa kushoto. Mguu wa nyuma mmoja mweupe mpaka kwa goti. Mdogo. Sikio moja limekunjika. Anatetemeka akisimama lakini anasimama.

Akafikiria. Akasema hilo doa ni la nyanya yake, yule tuliuza mwaka wa kiangazi. Mimi huyo nyanya nilikuwa nimemsahau.

Akasema, na huyo anayepita sasa?

Nikamwambia na huyo. Mmoja mmoja, mpaka lango likafungwa.