Gesi, Miraa na Moyo wa Babu

Jumatatu, 11 Agosti 2025
Babu Bundi ameanguka kutoka kwenye mti wa miraa kwake Mikinduri. Miaka sabini na miwili, na bado hataki kuchumiwa! Nyonga imevunjika. Tumemleta hospitali huku Embu, karibu na kwetu. Lazima apasuliwe, lakini mishipa ya moyo wake imekuwa myembamba tangu mwaka juzi. Mama anaogopa akilazwa usingizi hataamka. Mimi pia.

Jumanne, 12 Agosti
Nimeuliza! Daktari Ruguru ndiye atakayempa dawa ya usingizi. Nilidhani atanifukuza, akavuta kiti. Alisema damu ikipungua moyoni, moyo huumia. Lakini ile gesi ya usingizi huenda ikauandaa moyo kustahimili, kama mazoezi kabla ya mbio. Huenda. Utafiti mwingine unakubali, mwingine haukuona tofauti. Kwa hivyo yeye haitegemei gesi peke yake – atachunga presha dakika kwa dakika.
Nimeipenda hiyo "huenda". Hakunidanganya. Yote nimeandika nyuma ya daftari la Biolojia.
Upasuaji ni kesho saa mbili asubuhi.

Jumatano, 13 Agosti
Haukufanyika!
Kumbe jana jioni Mzee Munyi, rafiki ya Babu, alikuja kumjulia hali na kifurushi cha miraa kwenye jani la mgomba. Ile ya heshima, ya kupelekea wazee. Babu angeikataaje mbele yake? Wakatafuna, majani wakificha chini ya blanketi. Watu wazima wawili!
Leo mapigo ya moyo yalikuwa mia moja ishirini na nne. Daktari Ruguru akamwambia afungue mdomo. Kijani.
"Mzee, si tulisema usile?"
"Sikula, daktari. Nilitafuna tu."
Mama alicheka, halafu akalia kidogo. Daktari hakucheka. Akaeleza kwamba miraa hukimbiza moyo na kubana mishipa, na gesi haiwezi kurekebisha hilo. Tungoje hadi Ijumaa. Babu akanikabidhi mabaki bila kunitazama.

Alhamisi, 14 Agosti
Themanini na mbili! Babu amelala mchana kutwa. Mzee Munyi alipiga simu kuomba msamaha. Babu akamjibu kosa ni la mti.

Ijumaa, 15 Agosti
Saa mbili wameingia naye. Mama anasali, mimi naandika.

Saa tano na nusu. Ametoka! Daktari Ruguru anasema moyo ulitulia muda wote, ila watauangalia siku mbili zaidi. Kama ni gesi au ni nini, hajui. Nikamwambia nataka kusomea kazi yake. Akasema basi nianze leo: niketi hapa, nimwite Babu hadi aamke.
Nimemwita mara tatu. Mstari kwenye mashine unapanda na kushuka, sawasawa.
Naandika kwa mkono mmoja. Huu mwingine ameushika Babu. Macho bado amefumba. Na si mimi niliyeuweka mkononi mwake –