Manyunyu Yako, Baba

Ujerumani,
Jumapili, baada ya chakula cha mchana.

Kwa Baba yangu mpenzi,

Shikamoo. Najua umeshaitikia marahaba kwa sauti, ingawa umekaa peke yako barazani na hakuna aliyekusalimia. Ndivyo unavyosoma barua tangu zamani, unamjibu mwandishi kama yuko mbele yako. Basi nijibu na haya: goti la kushoto linaendeleaje? Dawa ya macho unaitia, au chupa imekaa tu dirishani inautazama mtaa wa Cheyo? Hadija kila nikimpigia ananiambia hamjambo, lakini mdogo wangu huyo angesema hamjambo hata kama paa lingekuwa limeezuliwa. Mimi ni mzima. Baridi imepungua, sasa navaa sweta mbili badala ya tatu.

Utajiuliza kwa nini nimeandika barua wakati simu ipo. Ujumbe wa simu nyumbani kwetu husomwa na Hadija, kisha Mama, kisha jirani aliyekuja kuazima kinu, na wewe unapata mabaki. Hili ninalotaka kukuambia nataka likufikie wewe kwanza. Lina mzunguko kidogo, kwa hiyo nivumilie, nitaanzia kazini.

Kazi ni ile ile ya kutunza wazee. Nawaogesha, nawavisha, nawapa dawa, nao wananigombeza kwa lugha ambayo sasa naielewa, kwa bahati mbaya. Wawili kati yao nimewazoea sana. Mmoja ni Mzee Lorenz, aliyekuwa dereva wa treni kama wewe. Wa pili ni Mzee Bruno, aliyekuwa mfamasia, na kwa maneno yake mwenyewe hakuwahi kuendesha hata baiskeli ikanyooka. Wanachoshirikiana hawa wawili ni kompyuta ya ukumbini, na wanachogombania ni gemu za treni.

Usicheke, Baba, ni gemu za watu wazima. Unakaa mbele ya kioo, unaiona reli, taa na stesheni, unaendesha treni kwa vitufe kutoka mji huu hadi mji ule kwa muda ule ule ambao treni ya kweli ingetumia. Kuna watu dunia nzima wanaofanya hivi wakitoka kazini, halafu wanaandikiana kwenye mtandao kulalamika. Nimegundua kulalamika ndiyo nusu ya starehe yenyewe.

Gemu ziko mbili, na nimezipa majina. Ya Mzee Bruno naiita Bibi Harusi. Ni mzuri mno huyu. Milima ina theluji, abiria wana miavuli, hata kivuli cha behewa unakiona kinapita juu ya nyasi. Lakini anadeka! Juzi Mzee Bruno ameendesha saa mbili nzima kuvuka milima, amebakiza mita chache aingie stesheni ya mwisho, kioo kikaganda. Saa mbili zimepotea hivi hivi. Siku hiyo hakugusa supu yake, na mimi ndiye niliyeulizwa na msimamizi kwa nini mzee hali. Tena kila wakileta marekebisho mapya, kitu kilichokuwa kizima kinaharibika. Safari hii ni honi: ukiibonyeza zinawaka taa za ndani.

Ya Mzee Lorenz naiita Punda. Sura hana. Miti yake ni kama imekatwa kwa mkasi kwenye boksi la sabuni, na abiria hawana pua. Kuwasha injini tu ni vitufe kumi na kimoja kwa mpangilio, na ukikosea kimoja unaanza upya. Lakini uzito anaujua. Mfungie mabehewa mengi, atagoma. Bana breki, utasubiri hewa ipite behewa hadi behewa mpaka la mwisho, kama ulivyokuwa ukinionyesha mezani kwa vizibo vya soda. Mzee Bruno anasema Punda ni adhabu, si mchezo. Mzee Lorenz anasema Bibi Harusi ni sinema, si treni. Hiyo ndiyo mada yao asubuhi, mchana na jioni.

Mimi niliingia kwa kuropoka. Nilikuwa nawapelekea chai, Mzee Bruno akapata taa ya kijani akaondoka zake, nami bila kufikiri nikasema, "Tokeni iko wapi?" Wakageuka wote wawili. Ikabidi niwaeleze kuhusu kile chuma cha ruhusa, kwamba stesheni masta asipokukabidhi mkononi huondoki, hata kama njia ni nyeupe mpaka macho yanapoishia. Nikawaeleza ulivyokuwa ukinibeba begani kwenda kutazama makabidhiano. Mzee Lorenz akasogeza kiti. "Kaa hapa," akasema. "Huyu ni mtu wetu." Tangu siku ile, zamu yangu ikiisha nakaa nao nusu saa. Nikifika stesheni nasimama, na Mzee Bruno ananikabidhi kijiko cha chai kama tokeni. Nisipokipata siondoki.

Sasa nafika kwenye jambo lenyewe.

Wiki mbili zilizopita nilimwomba Mzee Lorenz anitafutie njia inayofanana na ya kwetu: reli moja, nchi tambarare, udongo mwekundu, mabehewa ya mizigo yaliyojaa. Akaipata, mtu fulani ameitengeneza na kuiweka mtandaoni. Akanipangia na hali ya hewa: kiangazi cha miezi, halafu matone ya kwanza yanaanza kudondoka. Nikaendesha vizuri, nikajisifu kimoyomoyo kwamba damu ni damu. Nilipokaribia kistesheni nikabana breki pale pale ninapobana siku zote. Magurudumu yakakaza, na treni ikaendelea kwenda. Ilikwenda taratibu, kimya, kama mtu asiyesikia kwamba anaitwa. Ikapita jukwaa, ikapita kibao cha jina, ikaenda kusimama mbele ya pale reli zinapogawanyika.

"Gemu imeharibika," nikasema.

Mzee Bruno alifurahi kweli. "Si ndiyo Punda wenu huyo!"

Mzee Lorenz hakucheka. Akasema haijaharibika. Mvua kubwa, akasema, inaosha reli. Manyunyu ya kwanza hayaoshi kitu, yanachanganya tu lile vumbi la kiangazi na mafuta, na juu ya chuma panakuwa na utelezi ambao hata barafu ina nafuu. Alikuwa akitafuta neno la kueleza utelezi wenyewe. Mimi nilikuwa nalo: mlenda.

Unajua nilikumbuka nini, Baba.

Nilikuwa darasa la sita. Ulirudi nyumbani siku moja baada ya mkasa ule, ukiwa umeshika kofia mkononi, na sisi tulikuwa tumeshasikia kabla hujabisha hodi. Habari ilipita sokoni kwamba umepitiliza kistesheni kile cha kabla ya kuingia Tabora, kile ambacho mpaka leo nyumbani hatukitaji jina. Hakuna aliyeumia, na hakukuwa na treni nyingine njiani. Lakini ulitolewa kwenye injini ukapelekwa karakana kukagua magurudumu, ukayakagua mpaka ulipostaafu. Mtaani walisema umesinzia. Mama alikuuliza mbele yetu sote, ukajibu maneno machache tu: "Mvua ilikuwa imeanza punde. Manyunyu."

"Manyunyu!" Mama akasema. "Ndoo yangu jana ilikaa uani siku nzima, Baba Siwema, haikupata hata tone la kumnawisha paka."

Wiki ile ile mimi nikavunja kikombe cha Mama, kile chenye maua ya buluu, na kabla hajanifikia nikasema, "Si mimi, Mama, ni manyunyu." Nyumba nzima ikaangua kicheko. Mama alicheka hadi akasahau kunichapa. Wewe pia ulicheka. Kisha ukachukua jembe ukaenda shambani Ntalikwa, na chakula kilikuwa kimeshapakuliwa.

Tangu hapo likawa neno la nyumba. Wali ukiungua, manyunyu. Hadija akifeli hesabu, manyunyu. Shangazi akichelewa harusini, manyunyu. Mwezi uliopita tu simu yetu ilikatika katikati ya mazungumzo, Hadija aliporudi hewani akasema ni manyunyu, nami nikacheka huku kwenye baridi peke yangu, nikaona nimefika nyumbani.

Baba, mimi niliamini kwamba ulisinzia. Naandika haya kwa aibu, lakini naandika. Sikukulaumu. Nilijiambia kila binadamu husinzia, nikajiona mtoto mwenye huruma. Kumbe nilikuwa nakuhurumia kwa kosa ambalo sikuwahi kukuuliza kama ulilifanya.

Mzee Lorenz aliniona uso umebadilika, akaniuliza, nikamsimulia yote. Akaanza kuuliza maswali kama mtu wa kazi. "Alianza kubana breki wapi?" Nikasema sijui. "Alikuwa na mabehewa mangapi?" Sijui. "Hamkumwuliza?" Nikamwambia hatukumwuliza, tulicheka. Hakunisema. Alinishika mkono, akaurudisha kwenye vitufe. "Rudia," akasema.

Nikarudia. Reli ikiwa kavu, nilisimama jukwaani vizuri. Mvua ikiwa kubwa, nilipitiliza kidogo, pua ya injini tu. Kwa manyunyu nilipitiliza kila mara, isipokuwa mara moja, nilipoanza kubana breki mbali sana kama mtu aliyeshaambiwa kitakachotokea. Wewe hukuwa na wa kukuambia.

Halafu Mzee Bruno, bila kuombwa, akafungua Bibi Harusi wake. Akapanga mzigo ule ule na manyunyu yale yale. Matone yaliteremka kwenye kioo kwa uzuri, ungetamani uyapanguse kwa kitambaa. Treni ikasimama jukwaani kama imewekwa kwa mkono. Mzee Bruno akainamia kioo. "Mvua hii ni pambo tu," akasema, na kwa mara ya kwanza tangu nimjue akaizima mwenyewe. Kisha akaniambia jambo ambalo nadhani ni ufamasia wake: nisikuandikie kwamba gemu imekusafisha, kwa sababu gemu haikuwepo siku ile. Aliyekuwepo ni wewe.

Kwa hiyo sikuandikii hukumu. Hakuna aliyenipa uhakimu, ingawa nimeukalia tangu darasa la sita. Nakuandikia kuuliza, na nisamehe kwa kuchelewa. Ulianza kubana breki wapi? Ulikuwa na mabehewa mangapi? Nianzie pale ulipopokea tokeni, uende nami polepole, usiruke kitu. Nimeshajifunza kiasi cha kutosha kukuelewa. Ukiniambia ulisinzia, nitalipokea kutoka kwako, na utabaki kuwa baba yangu yule yule. Lakini moyo wangu unaniambia ulikuwa macho, mkono uko kwenye breki, ukahisi magurudumu yanakuponyoka na hakuna la kufanya. Na baada ya hapo ukarudi nyumbani ukatukuta sisi.

Niwie radhi, Baba. Niwie radhi kwa neno lile, na kwa kila mara ulipocheka pamoja nasi.

Mzee Lorenz anakusalimu. Anasema nikuambie yeye pia alipitiliza stesheni, ujana wake, na nyuso za watu waliokuwa jukwaani bado anazikumbuka. Anataka kujua treni ilipokwisha kusimama ulifanya nini, kwa sababu yeye alikaa ndani hakutaka kushuka. Akasema usipotaka kumjibu atafahamu.

Nisalimie Shangazi huko Ntalikwa, mwambie magauni yake ya harusi ninayaulizia bado. Baba Mdogo wa Lusu akija kuleta karanga, mpe salamu zangu na umzuie asiondoke kabla hajala. Hadija mwambie nampenda, na kwamba kuna neno moja nimeacha kulisema, akiniuliza kwa nini nitampigia mimi mwenyewe. Fundi cherehani wa jirani, msalimie pia, kama bado anakuja kusikiliza taarifa ya habari kwenye redio yako.

Mama nitamwandikia ya kwake. Kwa sasa msalimie sana, na ukipata nafasi nzuri, baada ya kula, akiwa ametulia, mwambie kwamba mwanawe wa Ulaya ameendesha treni, na ameona ndoo yake ya uani haikuwa kipimo cha mvua ile.

Mungu akulinde, akupe na macho ya kunijibu kwa mkono wako mwenyewe. Usimwachie Hadija aandike.

Ni mimi binti yako,
Siwema, niliyevunja kikombe.